Kapu la Shangazi Subilaga

Walikuja Tukuyu na kofia za kijani,
jenereta likinguruma nyuma ya gari
ili taa zao zing'ae mchana kweupe.
Wakapanda mche mmoja.
Wakaung'oa, wakaupanda tena,
maana mara ya kwanza jua lilijificha.

"Mama, sogea kidogo, moshi unaharibu picha."

Moshi wenyewe ulikuwa unakwisha.
Shangazi aliloweka maharage tangu jana,
akayachemsha kwa vijiti vitatu vya mkaratusi,
akaipua sufuria ikiwa bado yatokota,
akaitia kapuni, kati ya majani makavu ya mgomba
na blanketi la marehemu mumewe,
akafunika, akaenda zake kuchuma chai.

Hakuna aliyelipiga picha lile kapu.
Lilikaa tu pembeni
kama kuku aliyeatamia.

Jioni tuliwaona kwenye runinga, dukani kwa Ambakisye:
mlima Rungwe, mche, tabasamu, muziki.
Kisha umeme ukakatika.

Tukarudi nyumbani kwa kupapasa.
Shangazi akafunua blanketi gizani,
mvuke ukatupiga usoni,
tukala, hatukuwasha hata kiberiti.

Mche?
Mbuzi wa jirani aliumaliza Jumatano.