Huanguka Ikipumzika

Baba alipiga simu saa nne usiku.
"Imezimika tena."
Akanyamaza, nikamsikia akipumua.
"Na wala haikuwa ikifanya kitu."

Nikapanda treni ya kaskazini hadi Kemi,
bisibisi tatu mkobani na mrija wa dawa ya joto.
Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri;
theluji ikalia chini ya buti
kama kiazi kibichi kinachokatwa.

Miaka thelathini na moja, zamu ya usiku,
Armas wa mashine namba nne.
Walipofunga kiwanda cha karatasi
kiinua mgongo alikikata vipande viwili:
kimoja paa la nyumba,
kingine prosesa ya viini kumi na sita,
ghali kuliko gari tulilokuwa nalo nikiwa mtoto.

Si ya michezo. Anakichora kiwanda
walichokivunja kwa nyundo za mtambo:
kila bomba, kila ngazi, kila valvu iliyokuwa ikivuja,
hata kiti cha Osmo chenye mguu mmoja mfupi.
Vyaelea, vimeundwa. Na vilivyozama je,
nani atasema viliundwa vipi?

Nikaanza na kumbukumbu.
Nikachomoa kijiti kimoja, nikaacha kimoja,
nikavibadilisha nafasi. Saa sita: kosa sifuri.
Nikafungua kipozi, nikapangusa dawa kuukuu kwa spiriti,
nikatia tone jipya, ukubwa wa punje ya mbaazi.
Bayosi nikaipandisha toleo.
Kisanduku cha umeme nikaazima
kwa Sampsa, mjukuu wa jirani,
aliyesimama mlangoni akisubiri kirudi.
Dalili ya mvua ni mawingu;
hapa palikuwa peupe kabisa.

Basi nikaitwika mzigo.
Viini vyote, hesabu nzito isiyo na maana,
nyuzi tisini na mbili, feni zikipiga mluzi,
chumba kikapata joto la sauna
na paka akahamia juu ya sanduku.
Usiku kucha haikuyumba.
Alfajiri nikaisimamisha, nikaenda kumimina kahawa.
Sijaugusa mkebe wa sukari:
skrini, buluu.

"Kama yeye tu," akasema mama, hakugeuka kutoka jikoni.
"Kule hakuugua hata mafua.
Wiki ya kwanza ya pensheni
akaanguka hapo, kati ya meza na jiko."
"Niliteleza," akasema baba.
"Kwenye sakafu kavu."
"Niliteleza."

Nikarudi kwenye mashine nikiwa nimeshaelewa.
Ikipewa kazi, umeme huijaa.
Ikiachwa, huteremsha volti, hulala usingizi wa kina,
kisha panya anasogezwa kidole kimoja
nayo inaruka mbio zake za juu kabisa
kabla umeme haujafika.
Inaamka na njaa, inakimbia, inaanguka.

Nikaiongezea volti kidogo,
ishirini katika elfu moja, pungufu ya chembe.
Nikaipunguzia ile kasi ya mwisho
waliyoiandika kwa dhahabu kwenye boksi.
Baba akauliza, "Haitakuwa dhaifu?"
"Hutaona tofauti."
"Mimi nitaijua," akasema.

Ilibaki jaribio moja, gumu kuliko yote:
kuiacha.
Tukaketi wawili, mikono mapajani,
tukaitazama isifanye kitu.
Dakika kumi. Arobaini.
Vidole vya baba vikatafuta swichi hewani,
goti likacheza.
Mara mbili alisimama kwenda kuchonga kuni,
mara mbili nikamvuta shati.
Nje plau ya theluji ilipita, ikarudi.
Saa ya tatu akasinzia, kidevu kifuani,
na mashine nayo ikasinzia,
taa yake ndogo ikiwaka.
Sikuthubutu kusogeza panya.

Leo nimepata ujumbe wake:
"Siku ya tisa. Haijaanguka.
Nimemaliza kiti cha Osmo."
Chini yake mama ameongeza, bila nukta:
"mguu ameunyoosha nimemwambia aurudishe"