Kule

Kwetu Kasese jina ni hesabu.
Baluku hutangulia, Bwambale humfuata,
Masereka ni wa tatu, Kule ni wa nne.
Kwa hiyo jioni ile afisa wa ustawi
aliposhuka kwenye bodaboda na mtoto,
kandambili moja tu mguuni,
akasema, "Huyu anaitwa Kule,"
sikuuliza umri.
Niliuliza: na wale watatu?

Akafungua faili, akalifunga.
Nyamwamba ulipoingia usiku
haukuacha orodha.

Mimi nauza chumvi ya Katwe, na Kiswahili cha mizani
nilikiokota Mpondwe, kwa wateja wa ng'ambo.
Katika lugha hiyo kule ni mbali,
ni pale usipopafika kwa mkono.
Siku tisa alikuwa hivyo,
kizingitini, uso barabarani,
na mimi ndani namwita jina
kama mtu anayeonyesha mlima kwa kidole.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi,
kazi kulea mwana.
Mimba niliiruka. Nilianzia kwenye kazi.

Na nilicheka, nakiri, walipotuita mafunzo,
siku tatu ukumbini, soda na sambusa:
mwanamke wa miaka hamsini na miwili
afundishwe kulea?
Lakini yule binti mkufunzi, mwembamba kama kalamu yake,
alisema: akificha chakula usimwite mwizi,
anaiwekea kesho akiba.
Nikakuta viazi chini ya godoro, vimeota ukungu.
Nilivitoa amelala,
nikaweka vingine, vya jana usiku, palepale.

Pesa za msaada? Zilikuja mara mbili.
Za mwezi wa tatu bado ziko njiani,
nadhani zinatoka Kampala kwa miguu.
Aliyekuja ni Bi Kabugho wa kikundi chetu,
aliyelea saba wasio wake,
na turubai la godoro kwapani.
Hakuuliza kama mtoto anakojoa. Alilitandika,
akanywa chai, akasema, "Itaisha. Au haitaisha mapema."
Tunakutana Jumamosi moja na kuruka moja
katika ghala la kahawa, kila mtu na elfu mbili
ndani ya kopo la maziwa;
mwenye mgonjwa hulibeba.
Siku nilipolibeba mimi nililia,
na wenzangu wakaendelea kuchambua maharage
ili nisione aibu.

Mvua za Aprili. Bati likaanza kupiga kelele
na nikamkuta amesimama juu ya kitanda,
miguu pamoja, kama aliye kwenye jiwe katikati ya maji.
Sikumshusha. Nilipanda nami,
kitanda kikalia, tukasimama wawili
tumeshika boriti.
Ndipo aliposema, kwa sauti ya kukwaruza:
"Baluku. Bwambale. Masereka."
Akanyamaza.
Nikamalizia: "Kule."
Akarudia tangu mwanzo. Nikamalizia.
Sijui mara ngapi. Mvua ilichoka kwanza.

Asubuhi nilimwambia na mimi ni wa nne,
Mbambu, binti wa nne wa mama yangu.
Alinitazama kwa muda mrefu,
akaomba chumvi.

Juzi afisa amerudi. Kuna habari ya shangazi huko Bwera,
na kijana mmoja, huenda ni Masereka,
anayebeba matofali mahali fulani. Huenda.
Malezi haya ni ya muda, nilitia sahihi mwenyewe,
neno hilo nalijua lilipo, ukurasa wa pili, chini.
Usiku nalisoma bila taa.

Jana sokoni nilinunua kandambili, jozi mbili.
Moja Kule anaiburuta uani, inamzidi kidogo.
Ya pili, namba kubwa zaidi, iko juu ya kabati
ndani ya gazeti.
Akipatikana yule kijana
hatakuwa na miguu ya mwaka jana.