Daftari la Njia

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu.
Majina daftarini: thelathini na moja.
Waliofika: saba, na mbwa wa Cirhuza.
Ninaandika hivyo hivyo, mbwa naye,
maana hajakosa hata salongo moja
na wenye kadi wameanza kumwonea haya.

Chama chetu hakina ofisi. Kina majembe matatu,
sururu moja yenye mpini wa mkaratusi,
na mifuko kumi ya saruji
tuliyoahidiwa na bwana mmoja wa komine.
Ahadi hiyo nimeiingiza kwenye ukurasa wa mali,
kwa penseli.

Kazi yetu ni kutembea.
Tunapanda toka Nyamugo kuelekea Nyakaliba,
tukihesabu ngazi kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza:
mia mbili na nne, mia mbili na tano,
mia mbili na sita haipo,
mvua ya Alhamisi imeiteremsha hadi mto Kawa.
Basi tunainama.
Udongo wa Bukavu haukujaliwa subira;
ukiupa kisogo, umeshashuka,
kilima kizima kina miguu kutushinda.
Tunapigilia magogo, tunashindilia mawe, tunapanda matete,
na mbuzi wa Mama Nankafu amesimama pembeni
anatungoja tumalize.

Mwezi wa tatu, kwenye kona ya bomba,
tulikuta ukuta.
Saruji yake bado mbichi. Saruji kweli, si ya penseli.
Papa Balagizi mbele yake, karatasi yenye mhuri mkononi.
Cirhuza akainua sururu. Nikamwambia, shusha.
Katiba yetu, ibara ya pili, inasema kutembea,
haisemi kubomoa.
Tukabisha hodi.
Tukapita sebuleni mmoja mmoja, viatu mkononi,
tukamsalimia bibi yake, watoto, picha ya marehemu baba mkwe,
tukatokea jikoni, upande wa pili wa njia yetu.
Jumamosi iliyofuata, hodi tena.
Wabeba makaa nao wakajifunza,
wanafunzi wa saa moja,
mama mmoja na godoro lake la watu wawili.
Wiki ya tano Papa Balagizi akatoboa mlango ukutani,
akaniwekea ufunguo kiganjani:
“Katibu, utajibu wewe.”

Nikawa bawabu wa kitu kisichowahi kuwa na bawabu.
Usiku wa manane, ko ko ko, mkunga anataka kupita.
Kabla ya jogoo, wauza sambaza,
ndoo kichwani, maji yakiwachuruzika shingoni.
Mume wangu akahamia chumba cha watoto.
Nilikuwa nikilala na ule ufunguo chini ya mto
kama mwenye duka la dhahabu.
Halafu kijana mmoja, ana haraka, akaninyoshea noti ya mia tano,
na nikauona mkono wangu
unakwenda kuipokea.

Niliogopa mkono ule kuliko korongo.

Siku hiyo nilishuka peke yangu hadi Kawa.
Sitasema zaidi; hili ni daftari la chama.

Jumamosi, ukurasa wa mali:
majembe, matatu. Sururu, moja.
Saruji, bado penseli.
Ufunguo, umepotea.
Mlango, wazi, tumeuegemeza jiwe.
Papa Balagizi alikuja, akasoma mstari kwa mstari
kidole kikimtangulia,
akafika kwenye ufunguo, akanitazama kwa muda mrefu.
Kisha akaomba kalamu
akajiandika, namba thelathini na mbili,
na kulipa ada ya miezi miwili.

Hajafika bado hata mara moja.
Mbwa amefika. Upande wa Kahuzi mbingu imeshajaa wino,
na mia mbili na sita inalegea tena.
Shikeni majembe, nitaandika baadaye.