Kopo la Chumvi

Nyevu amekwangua chumvi Gongoni miaka kumi na tisa.
Visigino vyake vimepasuka kama bwawa lililokaukiwa,
kila usiku huvisugua kwa mafuta ya nazi, hasemi neno.
Juzi aliniuliza, mimi mwalimu wa kemia nisiye na maabara:
"Hivi ni kweli, Mirihi nako kuna chumvi?"

Ipo, nikamwambia, lakini si ya mboga.
Inaitwa perkloreti. Imetapakaa kwenye ule mchanga mwekundu,
na ukiilamba siku baada ya siku, tezi ya shingo husahau kazi yake.
Mchicha ukiota humo utainywa sumu kwa mizizi yote
ukuletee mezani.

"Basi ni kama shamba la mama."

Kweli. Tangu mabwawa yapanuliwe kisima kimekolea,
minazi imesimama bila vichwa,
mihogo inatoka myembamba kama vidole vya mgonjwa.
Hatukuhitaji roketi kuifikia sayari isiyolimika.

Roketi, hata hivyo, zilipita hapa.
Baba yake, Mzee Kahindi, aliwapikia Waitaliano kule Ngomeni,
akauona moto ukipasua mawingu, sufuria mkononi.
Nani angemwambia kwamba moto ule
ulilishwa chumvi ya ukoo huohuo?
Hapa ilirusha chuma. Kule imelala tu, inangoja wa kumdhuru.

Nikampeleka bwawa namba saba, kana kwamba halijui.
Maji mazito; dagaa akitumbukia hageuki mara mbili.
Lakini yameiva rangi ya waridi, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.
"Hiyo rangi ni ya walio hai," nikasema.
"Wadogo mno. Wanashibia penye mauti yetu."
Akainama, akachovya kidole, akalamba. Akatema.
"Miaka yote hii nilidhani ni uchafu."

Sijui kama Mirihi kuna wa namna hiyo.
Nimesoma kwamba chumvi ile huvuta mvuke hewani ikalowa,
na maji yake hayagandi upesi hata kwa baridi ya kupasua mawe.
Yaani sumu ndiyo blanketi.
Labda. Mimi hata Nairobi sijafika.

Nyumbani kwake, juu ya kabati, kopo la chumvi
lilikuwa wazi tangu masika.
Imelowa yenyewe, hakuna aliyeimwagia tone.
Nyevu akalichungulia kitambo
kama anayesikiliza pumzi za mtoto usiku,
kisha akalifunika.

Nusu tu.