Kifungu cha Tisa

Mwaka juzi, ofisini Mlandege, feni ikipeperusha karatasi,
mimi ndiye niliyekuwa ulimi.
Kulia kwangu Halina, muuguzi mstaafu,
katoka Lodz na mkoba mmoja
na nyumba ya marehemu mama yake
iliyokwisha kugeuzwa tarakimu za benki.
Kushoto, Fakih Ussi wa kampuni,
kanzu haina hata kunyanzi.

Nikasoma kifungu cha kwanza: chumba kimoja, ghorofa ya pili,
baraza inatazama bahari ya Matemwe.
Cha tano: mnunuzi atapata kibali cha ukaazi
maadamu nyumba ni yake.
Cha saba, cha nane. Nikameza mate.
"Cha tisa ruka," Fakih akanambia kwa Kiswahili,
huku akimtabasamia mgeni kwa Kipolandi.
"Maneno ya wanasheria tu hayo. Atachoka bibi wa watu."

Nikaruka.

Kilisema fedha zote zitaingia akaunti ya kampuni,
si akaunti ya amana,
na kampuni haitadaiwa chochote
ujenzi ukichelewa kwa sababu yoyote ile.
Mistari mitatu. Ningeimaliza kwa pumzi moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tulimpa kalamu.

Nilikwenda Matemwe mara moja, peke yangu, sikumwambia mtu.
Nguzo sita, nondo zimeota kutu,
mbuzi kafungwa kwenye ile ya kona.
Bango bado lipo: familia inacheka
kwenye baraza ambayo haijajengwa,
na mtoto wao kachunwa uso na jua.

Sasa Uhamiaji wanamuuliza: nyumba iko wapi?
Hapana nyumba, hapana kibali.
Kanunua mlango wa kuingilia nchini,
mlango wenyewe hauna ukuta.
Mtaani wanasema, "Mzungu huyo, hela anazo, atanunua nyingine,"
na mimi nanyamaza, nanunua mkate wangu,
kwa sababu nimeiona pensheni yake
na najua anapika mara moja kwa siku.

Leo Vuga, mahakamani, benchi moja
kakaa na Mwatima Machano wa Matemwe.
Minazi yake thelathini na mmoja ilitiwa nambari kwa rangi nyekundu,
ikakatwa yote asubuhi moja,
akalipwa kumi na mmoja.
Iliyobaki anaambiwa bado, faili linatembea.
Mwatima kamtazama Halina toka ukucha hadi utosi,
kisha kanigeukia mimi:
"Mwambie, yeye kanunua hewa, mimi nimeuza kivuli."
Nikamwambia.
Halina akacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani,
akamshika mkono, na mkono haukuvutwa.

Fakih hakuja. Kaja wakili wake na briefcase mpya.
Wakili akasimama, akasema mteja wake hana kosa:
mama huyu alisomewa mkataba wote, kwa lugha yake,
na mkalimani mwenye cheti,
saini yake hii hapa, chini ya ukurasa wa mwisho.

Kisiwa kidogo. Tunaojua Kipolandi hatuzidi watatu.

Hakimu akainua karatasi, akavua miwani.
"Mkalimani, saini hii ni yako?"
Asubuhi nilikula kiapo
kwamba nitayahamisha maneno ya watu
bila kupunguza, bila kuongeza.
Lakini swali lile halikuwa la kuhamishwa.
Lilikuwa langu, kwa Kiswahili changu,
na lilinikuta nimesimama pahala pasipo pangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "ni yangu.
Naomba atafutwe mkalimani mwingine.
Mimi hapa ni shahidi."

Karani akaacha kuandika.
Wakili akafungua briefcase, akaifunga.
Na Halina akanivuta ushungi, taratibu,
akauliza kwa lugha yake, nimesema nini,
mbona watu wote wananitazama.
Na chumba kizima hakikuwa na mtu
aliyeruhusiwa kumjibu.