Damu Isiyo na Nyayo

Saa tatu, filamu imeanza. Sebuleni kwa Mama Zuhura, Isevya,
tumejazana hadi mlangoni, watoto wamekalia ndoo.
Mwandishi wa kwenye runinga ana koti refu na tochi,
anafuata damu isiyo na nyayo.
"Usiingie!" wanamfokea.
Anaingia. Asipoingia, sote tutalala mapema.

Mimi nakunywa chai yangu kimya.

Mwaka juzi gazeti lilinituma, kwa pikipiki,
kilomita arobaini za vumbi na mabani ya tumbaku,
nikaandike kifo cha Bibi Kalunde.
Walisema: macho yake yalikuwa mekundu.
Walisema: fisi humpigia hodi usiku.
Nikainama, nikaingia jikoni kwake.
Mafiga matatu, kuni mbichi, dirisha hakuna.
Dakika tano tu
na yangu yakawa mekundu.

Jini wa filamu sasa anapenya ukuta.
Watoto wanajifunika kanga moja, vichwa vinne.

Wangu hakupenya ukuta.
Alipita mlangoni, panga ndani ya mfuko wa mbolea,
na siku ya matanga alinipa kiti,
akanionyesha shamba kwa kidevu:
"Kuanzia mninga ule hadi mbugani. Shangazi kaniachia."
Niliandika yote, hata kidevu.
Mhariri akabakiza mistari minne
na kichwa cha habari: KIKONGWE WA MAAJABU AUAWA.

Umeme umekatika. Mayowe, vicheko, ndoo imepinduka.
Gizani mkono mdogo unanishika shati:
"Wewe si mwandishi? Muuaji ni nani?"

Subiri, namwambia. Umeme utarudi.