Kituo cha Tisa

Umeme umekatika Oulu.
Theluji imelalia nyaya, Ilmari hasikiki tena,
na mwanangu Corentin yuko usukanini tangu saa tatu,
macho mekundu kama taa za breki.
Kanuni hazina huruma: saa sita mfululizo, basi.
Zimebaki dakika ishirini.
"Baba," akasema, "keti wewe."

Mimi?
Mimi mgawa barua wa Stavelot,
ambaye gari la kasi kuliko yote nililoendesha
lilikuwa la posta, na lilinishinda kwenye barafu?

Kila mwaka, miaka thelathini na moja, niliomba likizo
nikasimame kona ya kituo cha tisa,
bendera kwapani, chupa ya kahawa mfukoni,
bega moja limelowa, la pili linachomwa na jua,
maana mvua ya Ardenne ina upendeleo.
Niliyajua magari kwa ngurumo kabla hayajatokeza.
Niliyaona yakipita.
Wanachokiona waliomo ndani, sikukijua.

Nikaketi.
Kiti kimetoka kwenye Opel iliyopondeka,
kimekazwa kwa skrubu juu ya mlango wa kabati la nguo.
Mathilde hajatusamehe ule mlango.
Nikakanyaga mafuta, goti langu la chuma likalia.

Duru ya kwanza niliwapisha wote.
Nikiona taa nyuma, mkono wenyewe unanikumbusha bendera ya bluu,
nasogea kando kwa adabu: pita, bwana, pita.
"Baba! Huyo ndiye tuliyekuwa tunashindana naye!"
Kisha Corentin akalala sakafuni, mdomo wazi,
viatu miguuni,
na usiku ukabaki wangu.

Sikiliza, lami ile naijua.
Najua pale penye msonobari uliopigwa radi
maji hutuama hata siku mbili baada ya mvua.
Waliotengeneza mchezo huu, sijui walipimaje,
wameliweka hata dimbwi langu.
Nikalikwepa bila kufikiri.
Kijana wa Osaka aliyekuwa mbele yangu hakulikwepa;
akazunguka kama pia, mara tatu, akaniangalia nikipita.
Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie.

Halafu kona.
Halafu uzio, tairi zilizopangwa, kibao: tisa.
Na mtu.
Koti la machungwa, kofia, uso hana.
Mkono wake unapanda, unashuka, unapanda,
haukohoi, hauhami mguu kutafuta pakavu,
haumwagi kahawa.
Yuko peke yake.
Waliomchora hawakujua kwamba tulikuwa wawili,
kwamba Hubert Lemaire alisimama kushoto kwangu
akimenya mayai ya kuchemsha na kunihesabia duru,
hadi Februari iliyopita.

Madereva wana desturi: mbio zikiisha,
katika ile duru ya kupoza injini,
hutoa mkono dirishani wakatupungia.
Hubert alikuwa akijibu kwa kuvua kofia.
Mimi sikungoja ziishe.
Nikaachia kanyagio. Nikashuka gia hadi ya pili.
Nikawasha taa, nikazima, nikawasha,
na mkono wangu wa kushoto ukaacha usukani
ukapunga, chumbani, mbele ya kioo,
kwa mtu asiye na uso.

Hakuitikia. Angeitikiaje?
Nyuma yangu watu watano wa mataifa matano
walinipigia honi.

Alfajiri Corentin alisoma mchoro wa mwendo,
kidole chake kikatua palipo bonde.
"Ulipoteza sekunde kumi na moja hapa. Kulikuwa na nini?"
"Ukungu," nikasema.
Akanitazama. Mchezo ule hauna ukungu.
Akachukua usukani, akarekebisha kioo cha pembeni,
hakuuliza tena.

Tulimaliza wa ishirini na tatu.
Lakini kabla ya hapo, kahawa ilipokuwa ikichemka,
nilifungua dirisha la jikoni nikatega sikio
upande wa msitu wenyewe, kilomita saba kutoka hapa.
Hakuna ngurumo. Hata mvua hakuna.
Jogoo wa jirani tu,
naye alikuwa amechelewa.